Mvua Nyingi si Mavuno Mengi



Kila ufikapo mwezi wa Machi, watu wa Chekereni huanza kutazama angani. Wengine hutazama mawingu ya mlimani. Wengine hufungua redio. Wengine huuliza jirani: "Wewe umeshapanda?" Swali hilo si dogo. Mkulima akipanda mapema mno, mbegu huota kisha hukauka. Akichelewa, mvua humwacha njiani. Mbegu ni fedha, na kulima kwa trekta ni fedha. Chakula cha watoto cha mwaka mzima kimo katika uamuzi huo mmoja.

Wengi wetu tumezoea kusema: "Mwaka huu mvua ni nyingi, tutavuna." Au tunasema: "Mwaka huu mvua ni kidogo, tumekwisha." Lakini tukiangalia vizuri tutaona kwamba mambo hayaendi hivyo siku zote. Iko miaka ya mvua nyingi na ghala tupu. Tena wapo majirani wawili, mpaka wao mmoja na mvua yao moja, lakini mmoja anavuna na mwingine anakosa. Kwa nini?

Neno kubwa la kukumbuka ni hili: mmea hauhesabu mvua ya mwaka mzima. Mmea hutaka maji katika siku zake. Mvua ikija siku hizo, hata kama ni ya wastani, tutavuna. Mvua ikikosa siku hizo, hata ikinyesha sana baadaye, haitasaidia kitu. Basi tuyaangalie mambo haya moja baada ya jingine.

MVUA YETU HUTOKA WAPI?

Sisi tunazo mvua za aina mbili. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Kwa nini mara mbili?

Jibu liko kwenye jua. Hapa kwetu jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni kama tarehe 12 Machi. Mara ya pili ni mwanzoni mwa Oktoba. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Siku hizo, kiasi cha saa sita na nusu mchana, simika mti ulionyooka mahali pa wazi. Utaona kivuli chake kimekwisha kabisa.

Jua likiwa juu ya utosi, ardhi hupata joto jingi. Hewa iliyo juu ya ardhi nayo hupata joto na kupanda juu. Pepo kutoka kaskazini na pepo kutoka kusini hukutana katika ukanda huo wa joto. Pepo hizo zimepita baharini, kwa hiyo zimebeba unyevu. Hewa ikipanda hupoa. Ikipoa, unyevu hugeuka kuwa mawingu, na mawingu huleta mvua. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua, lakini hulifuata nyuma kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana jua kali la Machi hutangulia masika.

Lakini jua hufika kwa tarehe zake, mvua haifiki kwa tarehe. Bahari ikiwa na joto zaidi au baridi zaidi kuliko kawaida, mvua nayo hubadilika. Pengine umesikia neno El Nino. Jina hilo lilitoka kwa wavuvi wa Peru, upande wa pili wa dunia, na maana yake ni mtoto wa kiume. Wavuvi hao waliona kwamba miaka mingine, karibu na Krismasi, maji ya bahari yao yanakuwa ya moto. Bahari hiyo ni mbali sana na Moshi. Hata hivyo joto lake hugeuza pepo za dunia, na mara nyingi hutuletea vuli kubwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwishoni mwa mwaka 2023.

MLIMA HUGAWA MVUA

Sasa tuutazame mlima wetu. Upepo wenye unyevu ukitoka Bahari ya Hindi na kufika Kilimanjaro, hauna njia ila kupanda. Ukipanda hupoa, na mvua hunyesha. Ndiyo sababu msitu wa upande wa kusini hupata mvua nyingi, mahali pengine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huku tambarare hatupati hata nusu ya hiyo.

Joto nalo hubadilika. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Chekereni iko zaidi kidogo ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Vihamba vya migomba na kahawa viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi. Basi ndugu yako aliye Marangu au Kibosho hana hali ya hewa kama yako, ingawa mnaweza kuonana kwa macho. Akikuambia, "Sisi tumeshapanda," hiyo si amri kwako. Mvua yake siyo yako.

Hata hivyo mvua ya huko juu ina faida kwetu. Maji ya mto Rau na mto Njoro ndiyo yanayoendesha mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Watu wengi hudhani maji hayo ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Sivyo. Sehemu kubwa sana ya maji yetu ni mvua iliyonyesha msituni, ikazama ardhini polepole, kisha ikatokea katika chemchemi. Theluji hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na chemchemi bado zinatoa maji. Lakini msitu ukikatwa, mvua itateremka kwa fujo na kwenda zake. Tutapata mafuriko leo, na mfereji mkavu kesho. Kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Chekereni ana shughuli na msitu wa juu, hata kama hajawahi kuukanyaga.

MAHINDI YANA SIKU ZAKE ZA KIU

Mahindi huvumilia kiu kidogo yakiwa madogo. Majani husinyaa mchana, usiku yanapata nafuu. Lakini yako majuma manne ambayo mahindi hayana uvumilivu kabisa. Ni majuma mawili kabla ya kutoa ndevu, na majuma mawili baada ya hapo. Wakati huo chavua huanguka kutoka kwenye mbelewele na kuingia katika ndevu. Kila unywele mmoja wa ndevu unalisha punje moja. Unywele ukikauka kabla haujapata chavua, punje yake haipo. Ndiyo maana tunavuna magunzi yenye mapengo kama mdomo wa mzee.

Hebu tuchukue mfano. Wakulima wawili wana mashamba yanayopakana. Wote wamepanda mbegu ya siku 120, ambayo hutoa ndevu kiasi cha siku 60 baada ya kupandwa. Mwaka huo masika yameanza katikati ya Machi na kwisha mwisho wa Mei.

Wa kwanza alitayarisha shamba mwezi wa Februari. Akapanda tarehe 15 Machi. Mahindi yake yalitoa ndevu katikati ya Mei, mvua ikiwa bado inanyesha.

Wa pili alingoja mvua ndipo aanze kutafuta trekta. Trekta zilikuwa na foleni. Akapanda tarehe 15 Aprili. Mahindi yake yalistawi vizuri, majani ya kijani, watu wakamsifu. Lakini yalitoa ndevu katikati ya Juni. Mvua ilikuwa imekwisha kwa majuma mawili. Alivuna mabua.

Mvua ilikuwa ile ile, na mbegu ile ile. Tofauti ilikuwa mwezi mmoja tu.

Basi ukitaka kupanga, anza kuhesabu kutoka mwisho. Jiulize: mvua zetu huisha lini? Mbegu yangu hutoa ndevu baada ya siku ngapi? Kisha hesabu siku kurudi nyuma. Utapata siku ya mwisho inayofaa kupanda. Ikiwa siku hiyo imepita, usipande mbegu ya muda mrefu kwa kujipa moyo. Tafuta mbegu ya muda mfupi, au panda zao lingine. Mtama, kwa mfano, ukikosa maji hukunja majani yake na kungoja. Mvua ikirudi, huendelea kukua. Kunde na choroko nazo hukomaa upesi.

Sasa je, tupande mara tu tuonapo mvua ya kwanza? Hapana. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini iko mvua ya kudanganya. Hunyesha siku moja au mbili, kisha jua hurudi kwa majuma mawili. Mbegu iliyoota hufa, na mkulima hununua nyingine. Kwa hiyo, baada ya mvua, chimba kidogo kwa jembe. Ikiwa udongo umelowa juu juu tu, subiri. Ikiwa umelowa kina cha shubiri nzima, na ukiufinyanga mkononi unashikamana, basi mbegu ina akiba ya kuanzia. Panda. Lakini shamba liwe limetayarishwa tangu mapema, ili siku hiyo usianze kutafuta trekta.

MPUNGA: MAJI YAPO, BARIDI JE?

Mtu anayemwagilia anaweza kusema: "Mimi nina mfereji, mvua hainihusu." Ngoja kidogo. Kwanza, mfereji hutegemea mvua ya mlimani, kama tulivyoeleza. Masika yakiwa hafifu, maji hupungua na zamu zinakuwa ndefu. Pili, hali ya hewa si mvua peke yake. Baridi nayo ni hali ya hewa.

Mpunga una siku zake za hatari. Kiasi cha siku 10 hadi 12 kabla suke halijachomoza, chavua hutengenezwa ndani ya mmea. Usiku ukiwa na baridi wakati huo, chini ya nyuzi 20 kwa siku nyingi, chavua huharibika. Suke litatoka, tena litasimama vizuri. Lakini ukilishika litakuwa jepesi. Ndani yake ni mapepe matupu.

Hapa kwetu baridi huwa kali Juni, Julai na Agosti. Tuhesabu basi. Mpunga wa siku 120 hadi 130 huchomoza masuke kiasi cha siku 90 baada ya kusia mbegu kitaluni. Ukisia katikati ya Aprili, masuke yatatoka katikati ya Julai, wakati wa baridi. Ukisia mwanzoni mwa Januari, yatatoka mwanzoni mwa Aprili, baridi ikiwa haijafika. Bila shaka siku ya kusia hutegemea pia zamu ya maji. Ndiyo maana zamu zinapopangwa katika mkutano, mkulima asikae kimya. Aulize: mpunga wa eneo hili utachomoza masuke mwezi gani? Bwana shamba au bibi shamba atasaidia kuhesabu.

Joto kali nalo lina madhara. Mpunga ukichanua mchana wenye joto la kuzidi nyuzi 35, mapepe huongezeka. Na mvua kubwa ikinyesha mpunga ukiwa umeiva, mpunga hulala, na punje zilizogusa maji huanza kuota.

MVUA HULETA NA WAGENI

Mvua haiji peke yake. Huja na magonjwa na wadudu.

Kule juu kwenye kahawa, mvua pamoja na ubaridi hueneza chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa mbichi mtini. Joto pamoja na unyevu hueneza kutu ya majani. Kahawa nayo ina siku zake. Vichwa vya maua hulala wakati wa kiangazi, na mvua ndiyo inayoviamsha. Mvua ikija kwa vipande vipande, maua nayo huja kwa awamu. Matokeo yake kahawa huiva kwa nyakati mbalimbali, na kazi ya kuchuma inakuwa haina mwisho.

Huku tambarare tuwaangalie viwavijeshi. Nondo wao husafiri na upepo wa mvua. Mara nyingi mlipuko hutokea pale mvua za kwanza zinapofuata kiangazi kirefu. Tangu mwaka 2017 yupo pia kiwavijeshi vamizi, aliyetoka bara la Amerika, ambaye hujificha katikati ya mmea wa mahindi. Mkulima apite shambani mara mbili kwa juma, afungue majani ya katikati na kutazama. Akiona dalili, atoe habari upesi.

Hatari nyingine iko mwishoni, wakati wa kuvuna. Mahindi au karanga zikinyeshewa na kuwekwa ghalani zikiwa na unyevu, kuvu huota. Kuvu huyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu kadhaa wa mikoa ya Dodoma na Manyara walifariki kwa sababu ya sumukuvu. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasianikwe chini. Ukiuma punje, iwe ngumu na ikatike kwa mlio. Yaliyooza yasiliwe, wala asipewe kuku au ng'ombe.

MANENO YA REDIONI

Kabla ya kila msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri. Tunausikia redioni, lakini maneno yake huwachanganya wengi.

"Mvua za wastani" maana yake ni kiasi kilichozoeleka mahali hapo, kikihesabiwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. "Chini ya wastani" maana yake ni pungufu ya kawaida. Haina maana kwamba mvua haitanyesha. "Juu ya wastani" maana yake ni zaidi ya kawaida. Haina maana kwamba itanyesha vizuri kila juma.

Utabiri hauapi kiapo. Unasema jambo lipi lina nafasi kubwa ya kutokea. Mtu akikuambia kuna nafasi kubwa ya mvua chini ya wastani, hutaacha kulima. Utafanya hivi: sehemu ya shamba utapanda mbegu ya muda mfupi, na sehemu utapanda mtama au kunde. Usiweke shamba lote katika mbegu moja. Mwaka ukiwa mzuri utapata, na mwaka ukiwa mbaya hutakosa kabisa.

Wazee watakumbuka mwaka 1974. Mvua zilikosekana sehemu kubwa ya nchi, na Serikali ikaanzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wakati ule wengi wetu hatukujua kusoma, na taarifa za hali ya hewa zilifika vijijini kwa shida. Leo tunazo redio, simu na kalamu.

KALAMU IINGIE SHAMBANI

Sisi walimu wa elimu ya watu wazima tunaona kwamba kisomo kisichoingia shambani husahaulika. Basi tunawaomba wasomaji wetu wafanye jambo moja msimu huu. Kila mmoja aanze daftari la mvua.

Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako viwe na upana mmoja. Lifunge juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na paa la nyumba. Kila siku saa 3 asubuhi, tumbukiza rula na usome maji yamefika milimita ngapi. Andika, kisha mwaga maji.

Milimita moja inaonekana ndogo, lakini hebu tuhesabu. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 10 kwenye eka moja ni kiasi cha lita 40,000. Hizo ni ndoo 2,000 za lita 20. Nani angeweza kuzibeba kichwani?

Andika hivi, kwa mfano:

Machi 14. Mvua milimita 6. Udongo umelowa juu tu. Sijapanda.

Machi 19. Mvua milimita 31. Udongo umelowa shubiri nzima. Nimepanda mahindi.

Machi 26. Mvua hakuna. Mahindi yameanza kuota.

Endelea hivyo mpaka siku ya kuvuna, kisha andika magunia uliyopata. Mwaka wa kwanza daftari litakuwa na faida kidogo. Mwaka wa tatu litaanza kusema. Mwaka wa kumi litakuwa mali ya kumrithisha mtoto. Utajua wewe mwenyewe, bila kubishana na mtu, mvua za Chekereni huanza lini, huisha lini, na kama zinabadilika. Watu wengi siku hizi husema, "Mvua za zamani siyo za sasa." Pengine ni kweli, lakini kumbukumbu ya kichwani hupotea. Ya daftarini hubaki.

Kuizuia mvua hatuwezi, wala kuiita. Tunachoweza ni kuzijua siku za kiu za mazao yetu, na kupanda ili siku hizo ziikute mvua. Shime, ndugu wakulima. Tayarisheni mashamba mapema, na kopo liwe juu ya nguzo kabla ya wingu la kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mbegu ya mahindi unayopanda hutoa ndevu baada ya siku ngapi?

2. Mwaka jana mvua za mwisho zilinyesha lini kijijini kwenu? Je, wote mnakubaliana? Kama hamkubaliani, kwa nini?

3. Mpunga wa zamu yenu huchomoza masuke mwezi gani? Wakati huo kuna baridi au joto?

4. Redio ikisema mvua zitakuwa chini ya wastani, utabadilisha nini katika shamba lako?